Upasuaji mdogo wa ufizi: kwa nini unaoshwa meno kwanza

Malalamiko kuhusu kliniki yetu ya ufizi hapa Nakuru yameongezeka miezi ya karibuni, na karibu yote ni wimbo mmoja: "Nilikuja kupasuliwa, naambiwa nioshwe meno nirudi baada ya miezi miwili. Mnanizungusha." Hasira hiyo tunaielewa, hasa kwa mtu aliyepanda matatu alfajiri kutoka Molo au Subukia. Lakini hakuna anayezungushwa.

Upasuaji huu ni wa kutibu shimo kwenye mfupa. Ufizi kutoa damu peke yake si sababu ya kupasuliwa. Ugonjwa wa ufizi ukikomaa hula mfupa unaoshikilia jino. Mara nyingi mfupa hushuka kwa usawa katika meno mengi, na hapo upasuaji mdogo hauna la kujenga. Mara nyingine huliwa upande mmoja tu wa jino, likabaki shimo jembamba lenye kuta zilizosimama, kama shimo la nguzo ya ua. Hilo ndilo tunalolitafuta, likiwa na kina cha milimita 3 au zaidi. Kuta zake huishika damu iliyoganda isitikisike, na humo ndimo mfupa na nyuzi zinazoshikilia jino huanza kujijenga upya.

Kupima ni kazi ya kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Daktari hukiteremsha kati ya jino na ufizi, sehemu 6 kwa kila jino, akitaja namba huku msaidizi akiandika: tatu, mbili, saba. Ufizi wenye afya husoma 1 hadi 3. Penye saba na damu, tunapiga eksirei.

Kisha unaoshwa, pamoja na kukwanguliwa ugaga, yaani uchafu ulioganda na kuwa mgumu kwenye meno, ulio chini ya ufizi, na tunakupima tena baada ya wiki 6 hadi miezi 3. Mifuko mingi, yaani nafasi hizo kati ya jino na ufizi, hupungua kina yenyewe, na wengi waliokuja wakitaka kisu hurudi nyumbani bila kupasuliwa. Huko ni kupona, si kunyimwa huduma. Ambao kijiti bado kinasoma milimita 6 au zaidi juu ya shimo la namna niliyoeleza ndio tunaowapangia siku.

Wapo pia wanaodai kwamba kuosha meno huyalegeza. Hakuyalegezi. Jino lilishalegea mfupa ulipoliwa. Ugaga ndio uliokuwa umeyafunga meno pamoja ukakudanganya kwamba ni imara. Hili tumelieleza mara nyingi mno. Rangi ya kahawia ya meno nayo, ambayo wengi wa Bonde la Ufa wanayo, hutokana na floraidi iliyozidi kwenye maji ya visima wakati meno ya mtoto yanaumbika. Si ugaga, na kuikwangua hakutibu ufizi.

Siku yenyewe unachomwa sindano ya ganzi na unabaki macho. Mbinu hii ilianzishwa na Mmarekani Stephen Harrel miaka ya 1990, na mwaka 2007 Waitalia Pierpaolo Cortellini na Maurizio Tonetti wakaeleza namna yake inayofuatwa sana leo. Daktari huvaa miwani ya kukuzia, hukata ufizi mfupi katikati ya meno mawili, huufunua kiasi cha kuliona shimo tu, hulisafisha, kisha hushona kwa uzi mwembamba sana. Jeraha likiwa dogo, uvimbe na maumivu huwa kidogo, na ufizi haujikunji sana.

Wakati mwingine shimo hutiwa jeli ya protini au unga wa mfupa. Jeli inayotumika zaidi hutokana na meno ya nguruwe machanga yanayoota, na baadhi ya unga hutoka kwa ng'ombe. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi, na akikataa kwa imani yake anatibiwa bila kitu hicho. Katika utafiti wa 2011 wa Cortellini na Tonetti kwa wagonjwa 45, waliofanyiwa upasuaji wa kufunua kidogo bila kuongezewa chochote hawakuachwa nyuma na wenzao walioongezewa.

Idhini yako ni takwa la Sheria ya Afya ya 2017, nasi tunaichukua kwa fomu. Isome, uliza, ndipo utie sahihi. Aliye chini ya miaka 18 hutiliwa na mzazi au mlezi. Njoo na dawa zote unazotumia. Ya kuzuia damu kuganda usiiache bila kuambiwa na daktari. Kisukari kisichodhibitiwa kinaahirisha upasuaji. Sigara inapunguza sana matokeo, na kuificha hakusaidii, tunaiona mdomoni. Leseni za madaktari wa meno hutolewa na baraza lao kila mwaka na kuisha Desemba 31. Una ruhusa ya kuuliza. Kutibu bila leseni ni kosa la jinai, hata kama bei ni nafuu na kibanda kiko karibu na stendi.

Baada ya kushonwa, mahali hapo hapapigwi mswaki kwa wiki kadhaa; unasukutua kwa dawa utakayopewa, si kwa maji ya karafuu. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 1 hadi 2. Hatuingizi kijiti pale kwa miezi 6, kwa hiyo usikasirike tukikataa kupima mapema. Eksirei ya kulinganisha hupigwa mwaka ukitimia, na kati ya hapo unarudi kusafishwa kila baada ya miezi 3. Anayepotea mwaka mzima akarudi jino likitikisika, tunaanza naye upya: kijiti, namba, kuoshwa, kusubiri.