Usinihesabie kilomita, nitajie mwaka

Jumanne iliyopita nimeambiwa tena: "Fundi, mkanda bado kabisa, gari haijatembea." Ni mkanda wa taiming huo, ule wenye meno ndani ya injini, unaounganisha krenki inayozungushwa na pistoni na kemshafti inayofungua valvu. Maneno hayo nimeyasikia kwa wenye RAV4, kwa wenye Hilux Surf, kwa dereva wa Hiace ya shule, na kila nikiyasikia roho inaniuma, maana najua injini nyingine inakwenda kufunguliwa hedi, yaani kichwa cha injini, bila sababu ya msingi. Safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Gari yenyewe ni Prado ya 1999, injini 1KZ, dizeli ya Toyota. Mwenye gari ni mstaafu, mtu makini, risiti zake zote zimo kwenye bahasha moja. Alinifungulia boneti akanionesha kibandiko cha Kijapani kwenye kava ya taiming, cheupe kilichofifia: 20, 6, 12, chini yake kilomita 98,500. "Unaona mwenyewe," akasema. "Umebadilishwa mwezi wa sita 2020. Sasa hivi dashibodi inasoma 147,000. Hata elfu hamsini hazijatimia."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo 20 si 2020." Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona 20 kwenye kibandiko cha gari ya umri huo, jumlisha na 1988: ni mwaka 2008. Heisei iliisha Aprili 2019, ikaanza Reiwa kwa namba 1, na 2020 kwao ni mwaka wa 2. Halafu nikamuuliza gari aliitoa bandarini lini. Akachomoa karatasi kwenye bahasha: 2013. Mjapani gani alikuja hapa Kihonda, Morogoro, 2020 kubandika kibandiko? Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi vua tuone."

Tukavua. Mgongo wa mkanda ulikuwa safi, maandishi ya kiwandani yanasomeka bado, na fundi yeyote mwenye haraka angesema haujachoka. Nikaugeuza nikaukunja taratibu kwa ndani. Ulikuwa mkavu kama mshipi wa zamani, haurudi haraka ukiuachia. Kwenye shina la jino moja palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikasogeza tochi, nikaona mwingine kwenye jino la jirani, na wa tatu baada ya hapo. Ukiwa umefungwa, mistari ile inalalia puli, huioni hata ukiweka jicho pale pale.

Hapa ndipo ninapokosana na watu. "Fungua kava tuuangalie tu, kama haujapasuka turudishe." Mikanda ya zamani kweli ilikuwa inatoa nyufa mgongoni na ukapata onyo. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wamehamia mpira mwingine, HNBR, unaovumilia joto zaidi. Mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa mgongoni huku meno yanaanza kuachia shinani au nyuzi za kioo zilizomo ndani zinakatika moja moja. Aliyefungua kava ya juu akapapasa mgongo ameona kipande tu, tena upande usio na kazi kubwa. Ukaguzi wa macho unaweza kukuambia mkanda ni mbovu. Kwamba ni mzima, hauwezi kukuambia.

Na mpira unazeeka hata gari ikilala uani. Tairi ya akiba ambayo haijawahi kugusa lami unaiona inavyochanika ubavuni baada ya miaka, na hakuna anayesema "bado mpya, haijatembea." Mkanda unakaa pabaya kuliko tairi hiyo: joto la injini kila siku, na sili ya kemshafti au ya krenki ikivuja, oili inaunywesha mpira mpaka ulainike. Kisha ile Hiace ya shule inayosubiri watoto nusu saa injini ikiwaka: mkanda umezunguka nusu saa nzima, dashibodi haijaandika hata mita moja. TRA wenyewe wakikukata ushuru wa uchakavu wanaangalia mwaka wa gari, hawaulizi kilomita.

Kuna na taa. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT, na watu wanaiamini kama daktari. Taa hiyo haijawahi kuugusa mkanda. Inafuata namba za kilomita tu, zikifika zilizopangwa inawaka. Gari iliyorudishwa kilomita nyuma kabla ya kuuzwa, taa yake nayo imerudishwa nyuma. Iliyobadilishwa dashibodi nzima, taa inahesabu maisha ya gari nyingine.

Sasa lini? Toyota nyingi za mkanda zimepangiwa kilomita 100,000, na baadhi ya dizeli 150,000. Mimi nashika 100,000 au miaka 7, kinachotangulia. Gari ikija bila tarehe ya kuaminika, naihesabu kuwa haijabadilishwa tangu kiwandani. Nitasema ukweli: hiyo miaka 7 ni uamuzi wangu, sina mashine inayopima mkanda umebakiza muda gani. Nimeshatupa mikanda ambayo naamini ingefika miaka 10. Nimepokea pia Surf iliyovutwa kutoka Mikumi, mkanda wa miaka 6, meno yamenyolewa upande mmoja kwa sababu beringi ya tenshena, ile inayoukaza mkanda, ilikufa kwanza. Ndiyo maana sifungi mkanda mpya juu ya tenshena ya zamani, hata mteja akilalamikia bei.

Uthubutu wako upime kwa injini uliyonayo. 3S-FE au 5A-FE, petroli za Toyota, mkanda ukikatika gari inazima, unavutwa, unafungiwa mwingine, unaondoka. Dizeli za Toyota kama 1KZ, 3L na 1HZ, au EJ20 nyingi za Subaru, valvu zinakutana na pistoni na hapo unalipia valvu, hedi, na wakati mwingine kemshafti. Kwenye 3S na EJ20 badilisha na wota pampu palepale, inazungushwa na mkanda huohuo. Premio ya 1NZ au 1ZZ ina cheni, usije kuniuliza mkanda. Na ule unaouona nje ukizungusha alteneta ni feni beliti, siuzungumzii huo.

Mzee alinunua mkanda, tenshena na sili mbili. Nikapanga alama za taiming, nikazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, zikarudi mahali pake, tukawasha. Kabla hajaondoka alitaka niandike tarehe kwenye kava kwa kalamu ya rangi, pembeni ya kile kibandiko. Nikaandika siku na mwezi. Akanishika mkono: "Mwaka uandike tarakimu zote nne."