Meno hayaharishi mtoto

"Anaota meno." Ndilo jibu la karibu kila siku dirishani kwa wauguzi wa watoto, mama anapoulizwa kwa nini mtoto wa miezi minane ameharisha siku tatu ndipo akaletwa. Linatolewa kwa utulivu, na bibi aliyemsindikiza anaitikia kwa kichwa. Wakati huo macho ya mtoto yameingia ndani, akilia hatoi machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi.

Meno hayaharishi. Jino likiwa linachomoza fizi huvimba, udenda humtoka, hutafuna kila anachokishika na usiku hulala kwa kukatakata. Joto laweza kupanda kidogo tu. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, kuna jambo jingine: malaria, kifua, sikio, njia ya mkojo. Na choo cha maji mara sita kwa siku kinatoka kwenye utumbo ulioingiliwa na vijidudu, fizi hazihusiki.

Imani hii inadumu kwa sababu mambo mengi yanaangukia umri mmoja. Meno ya mbele ya chini kwa kawaida hutoka kati ya miezi 6 na 10. Ni wakati huohuo kinga aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma inapopungua, ndipo anapoanzishiwa uji, ndipo anapotambaa na kutia mdomoni kila alichookota sakafuni. Uji uliopikwa asubuhi ukanyweshwa saa kumi jioni, chupa yenye chuchu isiyosuguliwa ndani, mikono iliyotoka kubadilisha nepi ikashika kijiko bila sabuni: tafuta hapo kwanza. Virusi vya rota navyo huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi 24, ndiyo maana chanjo yake huanza mapema, wiki ya 6. Meno ya utoto ni 20 na huendelea kutoka mpaka karibu miaka miwili na nusu. Ukiamua kuyalaumu, hutakosa jino la kulaumu kwa muda wote huo.

Mwisho mbaya zaidi wa imani hii ni "meno ya plastiki". Fundi wa kienyeji anafunua fizi za mtoto mwenye homa au anayeharisha, anaonyesha uvimbe mweupe, kisha anachimbua kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Anachokitoa ni chonge changa la kawaida. Kila mtoto analo. Lingetoka lenyewe akiwa na miezi 16 hadi 20 hivi, na ni jeupe na laini kwa kuwa halijakomaa. Sasa mtoto aliyekwisha pungukiwa maji anapoteza na damu, na kwa kidonda hicho hawezi kunyonya. Kifaa hakikuchemshwa, kwa hiyo hatari ya usaha, pepopunda na hata VVU ni ya kweli. Chini ya jino hilo kuna chipukizi la chonge la ukubwani, nalo likiguswa litatoka limepinda au halitatoka kabisa. Kuharisha kukikoma baada ya siku mbili fundi anasifiwa, ingawa kuharisha kwa virusi huisha kwenyewe ndani ya siku chache hata fizi zisipoguswa.

Kinachoua ni maji na chumvi zinazopotea, na dawa yake ni ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Soma pakiti kwanza: nyingi ni za lita 1, lakini zipo za nusu lita. Mimina pakiti nzima kwa mara moja ndani ya maji safi ya kipimo hicho, kwa mfano chupa ya maji ya lita moja iliyooshwa vizuri. Kutia unga kidogo kidogo kwenye kikombe ndilo kosa kubwa. Chumvi ikizidi, inamdhuru, ikipungua, haimsaidii. Usiongeze sukari wala juisi. Yakipita saa 24, mwaga na utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, taratibu. Chupa ya kunyonyea iweke mbali, kwanza ni chafu, pili inamfanya agugumie mengi kwa pamoja kisha atapike. Akitapika subiri dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Kutapika mara moja si sababu ya kuacha.

Zinki, madini anayopewa mtoto anayeharisha pamoja na ORS, nayo isiachwe kwa vile kuharisha kumekoma siku ya tatu. Kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa mwenye miezi 6 na kuendelea, nusu kidonge kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kinayeyuka kwenye kijiko chenye maziwa ya mama au maji safi.

"Tulimwachisha kunyonya ili tumbo lipumzike." Hapana. Tumbo la mtoto anayeharisha halihitaji kupumzishwa. Aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida, na aliyeanza kula ale. Soda na juisi za viwandani zina sukari nyingi inayovuta maji utumboni na kuongeza kuharisha. Metronidazo, antibiotiki inayonunuliwa dukani, haiui virusi. Kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituoni akapewe antibiotiki inayofaa.

Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke vizuri au aliyepata degedege, asisubirishwe nyumbani kwa kijiko cha ORS. Huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Hilo la degedege lina uzushi wake: eti akichomwa sindano atakufa. Watoto wengi waliofia hospitalini walicheleweshwa kwanza kwa moshi na kwa mganga, kisha sindano ikabeba lawama. Mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Hata likikoma kabla hujafika kituoni, apimwe malaria.

Kukata kimeo ili kikohozi kipone ni ukatili uleule wa meno ya plastiki, umehamia kooni tu. Kimeo hakileti kikohozi. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje hata hesabu.

Imani nyingine potofu ni ya vigari: vigari vya kujifunzia kutembea havimwahishi mtoto kutembea. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya ajali, hasa za ngazi. Watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18. Mweke chini kwenye mkeka, ajiinue kwa kushika kiti. Akifikisha miezi 18 bila kutembea, aletwe kliniki achunguzwe.