Je, wajua kwa nini seli zako hutengeneza haidrojeni peroksaidi?

Haidrojeni peroksaidi ni ile dawa inayotoa povu ikimwagiwa kidonda. Huua vijidudu na hupausha nywele. Cha ajabu, seli zako huitengeneza zenyewe usiku na mchana, na huihitaji.

Sehemu kubwa hutoka kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Humo, elektroni kutoka kwenye chakula hupokezanwa na protini za utando wa ndani hadi zifike kwa oksijeni na kufanyika maji. Chache huchopoka njiani na kuivamia oksijeni kabla ya wakati, ndipo huzaliwa supaoksaidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Kimeng'enya cha SOD2, chenye manganizi, huigeuza mara moja kuwa haidrojeni peroksaidi. Panya waliozalishwa bila kimeng'enya hiki hufa wangali wachanga.

Peroksaidi ni tulivu kuliko mzazi wake, lakini ikikutana na chuma kilicho huru hutoa chembe kali ziwezazo kuharibu hata DNA. Kwa hiyo lazima idhibitiwe, na kazi hiyo kwenye mitokondria hufanywa zaidi na protini iitwayo peroksiredoksini 3. Ina asidi amino ya sisteini, yenye salfa. Salfa hiyo huinasa peroksaidi, hubaki na oksijeni moja, na maji hutoka. Kisha hufungamana na salfa ya protini pacha wake, mpaka protini nyingine, thioredoksini, ije kuzifungua ili kazi ianze upya.

Peroksaidi ikizidi sana, salfa ileile hushika oksijeni ya pili na protini inakwama. Ungedhani huo ni udhaifu. Mimi naona ndipo ufundi wenyewe ulipo, na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zinaonyesha vizuri. Kutengeneza homoni za steroidi humo huzalisha peroksaidi kwa wingi. Katika majaribio ya panya, peroksiredoksini 3 ilipokwama, peroksaidi ilifurika hadi nje ya mitokondria na kuiamsha p38, protini inayopitisha ishara ndani ya seli. Matokeo yake, protini inayoingiza kolesteroli kwenye mitokondria ilipungua, na kwa kuwa homoni hizo hutokana na kolesteroli, uzalishaji wake ukashuka. Yaani tezi inajua imetosha kwa kuisoma peroksaidi yake yenyewe. Baadaye kimeng'enya kiitwacho salfiredoksini huikwamua peroksiredoksini 3, taratibu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaohubiri kwamba kila kinachooksidisha mwilini kifutwe kwa vidonge. Mwaka 2009, watafiti waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4, baadhi wakimeza vitamini C na E, ambazo huzuia uoksidishaji, kwa dozi kubwa. Wasiomeza, miili yao iliitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi baada ya mazoezi. Kwa waliomeza, faida hiyo haikuonekana.