Masaa 9 ambayo rada haikuyaona

Watu wengi wakiona zile picha za rada ya setilaiti zenye mikanda ya rangi kama upinde wa mvua wanadhani tetemeko la ardhi lote limo mle. Hapana jamani, mle kuna nusu tu ya habari.

Chukua Uturuki, 6 Februari 2023. Saa 10 na dakika 17 alfajiri, watu wamelala, linapiga la ukubwa wa 7.8, halafu masaa 9 baadaye, saa 7 na dakika 24 mchana, linapiga lingine la 7.5 kaskazini ya pale, kwenye ufa mwingine kabisa wa ardhi. Uturuki na Syria zilipoteza watu zaidi ya 50,000. Sasa setilaiti ya Sentinel-1 wakati huo ilikuwa inarudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 12, picha moja ikapigwa 28 Januari, inayofuata 9 Februari, basi. Katikati hakuna kitu. Kwa rada matetemeko yote mawili yamelaliana kwenye picha moja, pamoja na ardhi iliyoendelea kuteleza polepole zile siku 3 hadi picha ya pili.

Mkanda mmoja wa rangi maana yake ardhi imesogea kama sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia, ni nusu ya urefu wa wimbi lake la rada. Ukikaribia ufa wenyewe mikanda inabanana mpaka inavurugika, maana pale ardhi imehama kwa mita, barabara na reli zimekatika zikapishana, kwa hiyo pale tunaacha rangi tunafuata pikseli, yaani nukta za picha, moja moja tuone imehamia wapi.

Saa ya tukio iko kwenye vituo vya mtikisiko, vinavyoandika mara kama 100 kila sekunde. Ndo vilivyotuonyesha kwamba lile la kwanza lilianzia kwenye ufa mdogo wa pembeni karibu na Narlı, sekunde kadhaa baadaye likarukia Ufa wa Anatolia Mashariki na kukimbia pande zote mbili, jumla zaidi ya kilomita 300. Rada peke yake isingekwambia lilianzia wapi, hata kidogo.

Kuunganisha rada na vituo ndo kazi. Nakata ufa vipande vidogo vya kilomita chache, kila kimoja nakitelezesha mita 1 kwenye kompyuta nione kingetikisaje kila kituo na kingesogezaje kila pikseli, halafu natafuta mchanganyiko unaofanana na vilivyopimwa. Shida rada ina pikseli mamilioni na vituo ni vichache, usipozipunguza zinavimeza vituo, modeli inatoka nzuri kwa macho ila muda wake ni wa uongo, na hilo linaniuma kwa sababu nguvu iliyobomoa nyumba za watu iko kwenye muda huo huo.

Ndo maana kila mara naficha vituo viwili vitatu visiingie kwenye hesabu, modeli ikimaliza naitaka itabiri mtikisiko wa pale, naweka mstari wa modeli juu ya mstari wa kituo. Ikipishana hata sekunde 2 narudi mwanzo.