Hifadhidata iliyotawanywa: laini ikikatika, nani aendelee kuandika?

Hifadhidata iliyotawanywa ni hifadhidata inayokaa kwenye mashine kadhaa kwa wakati mmoja, huku programu inayoitumia ikiiona kuwa moja. Chukua kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye ofisi kuu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na depo Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Ikiwa na seva moja ofisini, na depo zote zinaiuliza kupitia intaneti, hapo hakuna kilichotawanywa: ni seva moja inayoulizwa kutoka mbali. Mtawanyo unaanza pale Kolwezi inapopata mashine yake yenye data ileile, na mashine zikalazimika kukubaliana kuhusu kilichomo.

Ugumu wote uko katika kukubaliana huko, na ndipo mifumo inapotofautiana. Wauzaji hupenda kulinganisha kasi: maombi mangapi kwa sekunde, mashine ngapi zinaweza kuongezwa. Kwa biashara za ukubwa wetu, mimi sioni uzito wa hesabu hizo. Muulize muuzaji jambo moja tu: laini kati ya Lubumbashi na Kolwezi ikikatika Jumamosi asubuhi, wateja wamejaa, karani wa Kolwezi aendelee kuuza au asubiri? Jibu lake litakuambia mengi kuliko jedwali la kasi.

Data hutawanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuikata vipande, kila mashine ikabeba chake, kwa sababu yote haienei kwenye mashine moja. Hii tuipite haraka. Mistari milioni 10 ya mauzo, ukihesabu kilobaiti 1 kwa kila mstari, ni gigabaiti 10 hivi, na hizo zinaenea kwenye simu ya mfukoni. Njia ya pili ni kuweka nakala: data ileile kwenye mashine zaidi ya moja, ili moja ikizimika nyingine ziendelee. Katika mji ambao umeme wa SNEL huondoka bila kuaga, sababu hii haihitaji kuelezwa. Goma wana nyingine juu ya hiyo: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na seva tatu zilizopangwa chumba kimoja katika njia yake zisingekuwa nakala tatu siku hiyo.

Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT waliithibitisha kihesabu mwaka 2002. Kwa lugha ya depo, hoja inasema hivi: mtandao ukikatika kati ya mashine zenye nakala, mfumo hauwezi kutimiza mambo mawili pamoja, yaani kila mashine iendelee kujibu kila ombi, na majibu yote yawe kana kwamba nakala ni moja tu. Mojawapo lazima liachwe. Mara nyingi hoja hii hufundishwa kama kuchagua viwili kati ya vitatu, yaani kujibu kila ombi, kuonekana kama nakala moja, na kuvumilia laini ikikatika, na mafundisho hayo yanapotosha, kwa sababu kukatika kwa laini hakuchaguliwi na mtu. Katapila la barabara likikata waya, limekata. Unachochagua ni tabia ya mfumo wako dakika ile.

Kuna mifumo inayosubiri. Spanner ya Google, iliyoelezwa hadharani mwaka 2012, iko humo, pamoja na CockroachDB, YugabyteDB na TiDB. Hapa ingizo halihesabiki mpaka zaidi ya nusu ya nakala ziwe zimelikubali. Utaratibu wa kura unaotumiwa na hizo tatu za mwisho unaitwa Raft, uliochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout. Nakala zikiwa 3, wingi ni 2, kwa hiyo moja inaweza kufa na kazi ikaendelea. Zikiwa 5, mbili zinaweza kufa. Zikiwa 2, wingi ni 2 palepale, maana yake mashine yoyote ikizimika maingizo mapya yanasimama. Anayenunua seva mbili kwa mfumo wa namna hii ameongeza gharama na ameongeza pia nafasi za kukwama.

Mahali pa kuziweka pana uzito kama idadi yake. Weka mbili katika jengo moja Lubumbashi na moja Kolwezi. Laini ikikatika, Lubumbashi inaendelea, Kolwezi inakataa kuandika. Hiyo inavumilika. Lakini jengo la Lubumbashi likikosa umeme na jenereta isiwake, Kolwezi nayo inasimama ingawa kule taa zinawaka. Mkuu wa depo atapiga simu, na maelezo ya wingi wa kura hayatamwingia hata kidogo. Afadhali tatu hizo zikae majengo matatu, au miji mitatu.

MongoDB nayo iko karibu na kundi hili: mashine moja ndiyo kuu na hupokea maingizo, nyingine zinafuata, na kuu ikipotea zilizobaki huchagua nyingine kwa kura. Tofauti yake kubwa ni umbo la data, ambalo ni hati badala ya majedwali.

Halafu kuna mifumo inayokubali kwanza na kupatanisha baadaye. Cassandra ilizaliwa Facebook na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2008, ikiwa imekopa mawazo mengi kutoka Dynamo, mfumo ambao Amazon iliueleza mwaka 2007. Shida ya Amazon ilikuwa kapu la mteja: mteja akitaka kuongeza kitu, kapu lisikatae hata kama mashine fulani zimekufa. Kwa haki yake, Cassandra inakuruhusu kusema, ombi kwa ombi, nakala ngapi zijibu. Ukidai wingi wakati wa kuandika na wingi wakati wa kusoma, unapata ingizo lililothibitishwa mwisho. Lakini ukidai hivyo umerudi kwenye kusubiri, na uzuri uliokuleta kwake umepungua.

Hatari ya kundi hili iko kwenye hesabu ya stoku. Tuseme mfumo unasema kuna mifuko 40 ya saruji katika depo kuu, na matawi mawili yanaiuza kwa oda. Laini imekatika. Likasi inauza 5 na kuandika salio 35. Kolwezi inauza 3 na kuandika salio 37. Laini inarudi. Cassandra inalinganisha mihuri ya muda na kubakiza ingizo la karibuni zaidi, lile lingine linafutika kimya. Salio litasomeka 37 au 35, wakati mifuko iliyobaki ni 32. Hakuna kilichoharibika, hakuna ujumbe wa kosa. Mfumo umefanya ulivyoahidi. Dawa ni kutoandika salio kabisa. Kila mauzo yaandikwe kama mstari wake wenye namba yake ya pekee, na salio lipatikane kwa kujumlisha. Mistari miwili tofauti haigombani. Anayekuuzia mfumo wa kupatanisha baadaye bila kukuuliza salio lako limeandikwaje, mtilie mashaka.

Na mihuri ya muda hutoka kwenye saa za mashine. Kongo ina kanda mbili za saa, na Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Fundi akiiacha mashine ya Lubumbashi kwenye kanda ya Kinshasa, kisha akaisogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani, mashine hiyo ndani yake itaamini kuwa iko saa moja mbele ya dunia. Kwa saa nzima, kila itakachoandika kitawashinda wengine wote watakaogusa data hiyohiyo, hata walioandika baada yake. CockroachDB ni kali zaidi katika hili: kwa mpangilio wake wa kawaida inavumilia tofauti ya milisekunde 500 tu, na mashine inayokaribia kuvuka kikomo hicho hujizima. Betri ndogo ya saa kwenye seva kuukuu, ile inayokufa baada ya umeme kukatika mara nyingi, inageuka kuwa jambo la uhasibu.

CouchDB hufanya tofauti: maingizo mawili yakigongana, inateua moja lionekane lakini inalihifadhi na lile lingine, ili programu au mtu aamue. Kwa depo ya Kasumbalesa inayokaa nusu siku bila mtandao, huo ni muundo wa kiungwana.

Hata laini ikiwa nzima, kusubiri kuna bei, kama Daniel Abadi, mtafiti wa hifadhidata wa Marekani, alivyosisitiza. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 1,570. Hadi Johannesburg, ambako Google na Microsoft wana vituo vya wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, ni karibu 1,600. Safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 16 hivi, na waya haunyooki. Kwa risiti moja hutahisi kitu. Kwa ripoti inayouliza hifadhidata mara 1,000, swali baada ya swali, utakunywa chai. Kwa upande wa umbali, basi, hakuna sababu ya kuidharau Johannesburg na kuitukuza Kinshasa.

Kampuni moja haina jibu moja. Salio la pochi ya wakala wa pesa za simu lazima likatae laini ikikatika, la sivyo dola zilezile zitatolewa mara mbili. Risiti za mauzo ya taslimu ziendelee, kwa sababu pesa iko mkononi. Orodha ya bei katika faranga iko katikati: bei ya jana inaweza kutumika, ila siku dola inaporuka utamlaumu aliyeamua hivyo.

Kwa sehemu kubwa ya biashara za hapa, ningeanza na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva moja nzuri, na nakala yake katika jengo lingine ikifuata papo hapo. Uwezo huo umo ndani yake tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. Haijihamishi yenyewe seva kuu ikifa, lazima mtu aamue au uongeze programu ya kuamua, lakini mafundi wanaoijua wanapatikana. Depo zipewe programu ya mauzo inayoandika mahali pale na kutuma baadaye. Leseni nayo isomwe: tangu mwishoni mwa 2024 CockroachDB ni bure kwa kampuni zenye mapato chini ya dola milioni 10 kwa mwaka, na inadai taarifa za matumizi zitumwe kwao. Cassandra, TiDB na PostgreSQL hazina sharti la namna hiyo.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi aje na mashine tatu, hata kompyuta za mkononi. Chomoa waya wa moja, uza mifuko 5 upande huu na 3 upande ule, rudisha waya, kisha soma salio kwenye kila mashine. Kisha rudia yote, saa ya mashine moja ikiwa imesogezwa mbele.