Wakala haoni msimbo wako, anaona maelezo tu

Maelezo ya API (njia ambayo programu moja huomba huduma ya nyingine) kwa kawaida huandikwa mwisho kabisa, kazi ikishakwisha: mstari mmoja wa kutimiza wajibu. Msomaji alipokuwa mwandaaji programu mwenzako, madhara hayakuwa makubwa. Akikwama angejaribujaribu, angefungua msimbo, au angekuuliza. Wakala wa akili mnemba, yaani modeli ya lugha inayoita zana ili kukamilisha kazi, hafanyi hivyo. Hubahatisha, tena kwa kujiamini.

Anachopewa ni vitu vitatu: jina la zana (funksheni ya API anayoweza kuiita), maelezo yake, na skima ya JSON, yaani muundo unaotaja parameta, taarifa ambazo zana huhitaji kupewa. Ndivyo ilivyokuwa OpenAI ilipoanza kuruhusu modeli ziite funksheni Juni 2023, na ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Yale maoni mazuri uliyoyaacha ndani ya msimbo hayamfikii.

Tuseme una zana iitwayo tafuta_oda, na maelezo yake ni "Hutafuta oda." Hapo hujasema lolote ambalo jina halikusema. Mimi ningeandika hivi:

"Hutafuta oda za mteja mmoja kwa kutumia namba ya mteja. Hurudisha oda za siku 90 zilizopita, mpya zikitangulia, zisizozidi 20 kwa ombi moja. Haitafuti kwa jina wala kwa barua pepe. Ukiwa na jina tu, anza na tafuta_mteja ili upate namba. Oda zilizofutwa hazimo."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Wakala hasomi zana moja peke yake. Ana orodha nzima mbele yake, na kazi yake ya kwanza ni kuchagua. Kama zana mbili zote zinasema "hupata taarifa za mteja", hana cha kuzitofautisha. Kwa hiyo ninapoandika maelezo ya zana huwa nimezifungua na zile jirani zake, na swali ninalojiuliza ni hili: ombi gani linafanana na la zana hii, lakini si lake? Jibu ndilo naliandika. Zana zikifanana mno hata mpaka ukawa mgumu kuueleza, tatizo haliko kwenye maelezo, ziunganishe.

Sentensi ya nne, inayoifuata, ina faida yake: inasema namba ya mteja inatoka wapi. Usiposema, modeli inaweza kutunga namba yenye sura ya kweli kabisa, kisha ukabaki kushangaa kwa nini hifadhidata haina huyo mteja.

Kwenye parameta, skima ikiweza kusema jambo, iachie. Hali ya oda ikiwa ni moja kati ya nne, ziorodheshe kwenye enum, orodha ya thamani zinazoruhusiwa, badala ya kuzisimulia. Tarehe iwe ya mtindo wa ISO 8601 (mwaka-mwezi-siku), maana 03/04/2025 ni Machi kwa mmoja na Aprili kwa mwingine. Kiasi cha fedha ni balaa zaidi: 5000 ni elfu tano, au ni hamsini iliyoandikwa kwa senti? Liweke hilo kwenye jina lenyewe, kiasi_kwa_senti. Na parameta isiyo ya lazima ieleze kinachotokea ikiachwa tupu.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, ila yanachelewa kusomwa. "Kosa 400" humfanya wakala arudie ombi lilelile. "tarehe_mwisho imetangulia tarehe_mwanzo" humwezesha kujirekebisha mwenyewe.

Urefu? Kwa zana ya kawaida sentensi tatu hadi sita zinatosha. Kwa kawaida maelezo ya zana zote huingia kwenye muktadha wa kila ombi na kula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma), hata ya zana ambazo hazitaguswa. Na hizo herufi kubwa za KAMWE na LAZIMA, punguza. Kila kitu kikipigiwa kelele, hakuna kinachosikika.

Lipo jambo moja ambalo maelezo hayaliwezi kabisa, nalo ni ulinzi. "Usifute rekodi bila idhini" ni ombi tu kwa modeli. Idhini yenyewe ikaguliwe kwenye seva. Vivyo hivyo, ukiunganisha zana za watu wengine, soma maelezo yao kwa jicho la mashaka, kwa sababu maagizo ya hila yanaweza kufichwa humohumo na modeli ikayafuata.

Maelezo yakishaandikwa, mpe wakala maombi kama watumiaji wanavyoyaandika, yenye vifupisho na makosa ya tahajia, kisha usome kumbukumbu za wito wa zana, si jibu la mwisho peke yake. Jibu linaweza kuwa sahihi ilhali wakala amepita kwenye zana tatu zisizohusika. Badilisha sentensi moja, rudia maombi yaleyale, linganisha.