Mkuu wa Loji Hatengenezwi Usiku Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Ulezi wa Viongozi wa Frimasoni

Mjini Mombasa mtu akitaja loji, msikilizaji wa kwanza hufikiria nyumba ya kulala wageni, na wa pili hushusha sauti. Huyo wa pili ana habari zake za Wafrimasoni, wanachama wa chama cha kindugu ambacho kila tawi lake huitwa loji, nyingi zikiwa zimetoka barazani, na karibu zote zinahusu jambo moja: namna mtu anavyopata ukubwa humo ndani. Makala haya yanahusu jambo hilo hilo, yaani jinsi loji inavyowalea wanachama wake hadi mmoja wao akalie kiti cha Mkuu. Hayahusu hukumu ya dini. Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi wake dhidi ya Frimasoni mwaka 1978, Vatikani ikarudia katazo lake mwaka 1983, na muumini anajua pa kuuliza. Lakini hata anayekataa jambo ni afadhali akatae lile lililopo.

"Mkuu huteuliwa gizani, na kila cheo kina kafara yake"

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na nchini Kenya ilipata nguvu baada ya Rais Daniel arap Moi kuunda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Tangu hapo, kwa watu wengi, kupanda cheo katika loji na kutoa kafara vimekuwa jambo moja.

Utaratibu wenyewe unafanana zaidi na mkutano wa mwaka wa chama chochote chenye katiba. Katika loji zilizo chini ya Loji Kuu ya Uingereza, na hizo zimo Afrika Mashariki, Mkuu huchaguliwa kila mwaka na wanachama wa loji yake kwa kura ya siri. Kinachotoka makao makuu London ni hati ya kuiruhusu loji ifanye kazi pamoja na kitabu cha kanuni. Jina la mgombea halitoki huko. Kanuni hizo zinamtaka mgombea awe ametumikia mwaka mzima akiwa mmoja wa Wasimamizi wawili wanaomfuata Mkuu kwa cheo, na bila kibali maalumu hawezi kukalia kiti zaidi ya miaka miwili mfululizo. Gharama zipo, na hazifichwi: ada ya kuingia, ada ya mwaka, mavazi ya sherehe na chakula cha pamoja. Kwa mshahara wa kawaida hizo si fedha kidogo, na nadhani hapo ndipo uvumi wa utajiri ulipopata pa kushika, kwa kuwa wanaoweza kuzilipa kwa kawaida huwa tayari wana chochote mfukoni kabla ya kubisha hodi.

"Wa daraja la 33 ndiye anayewaamuru wote"

Madaraja ya loji ni matatu tu, nayo yamefuata njia ya mafundi wa kujenga kwa mawe: mwanagenzi, fundi mwenzi na fundi kamili. Daraja la 33 ni la mfumo mwingine wa nyongeza, na mwenye nalo hana mamlaka yoyote juu ya Mkuu wa loji ya kawaida. Akihudhuria kikao, hukaa na kutii nyundo ya Mkuu kama wengine.

"Mkuu huabudiwa"

Kosa hili limezaliwa na tafsiri. Cheo cha Mkuu kwa Kiingereza kina neno "Worshipful", ambalo leo husikika kama la ibada, ilhali katika Kiingereza cha kale lilikuwa neno la heshima, na mameya wa miji ya Uingereza waliitwa kwa neno hilo hilo. Sisi tungesema "Mheshimiwa", na hakuna anayedhani diwani wake anaabudiwa, ingawa wapo madiwani ambao wangependa.

"Akisubiri zamu yake tu, atafika"

Dhana hii ni ya wanachama wenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu uvumi wa barazani hauharibu uongozi wa loji, bali foleni isiyoangaliwa ndiyo huuharibu.

Loji nyingi zina mazoea ya kupanda ngazi. Mwanachama huanza kwa kuhudumu mezani, kisha huwa mlinzi wa mlango wa ndani, kisha mjumbe mdogo na mjumbe mkubwa ambao huongoza wanaoingizwa na kupeleka maagizo, halafu Msimamizi Mdogo, Msimamizi Mkubwa, na mwishowe Mkuu. Ukihesabu mwaka mmoja kwa kila kiti, safari hiyo ni ya miaka sita au zaidi baada ya kupata daraja la tatu. Lakini ngazi hii ni desturi. Isipokuwa viti vichache vinavyopigiwa kura, kama vile kile cha Mkuu na cha mweka hazina, viongozi huteuliwa na Mkuu wa mwaka huo, na hakuna kanuni inayomlazimu kumpandisha mtu kwa kuwa tu mwaka jana alikaa kiti cha chini yake.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kutoka jahazini. Baharia hawi serehangi kwa kuhesabu misimu, wala serehangi hawi nahodha kwa sababu nahodha amezeeka. Yupo anayemtazama akishika usukani usiku, akiona anavyosema na wenziwe chakula kinapopungua, na huyo ndiye husema yuko tayari au bado. Katika loji, mtazamaji huyo ni mlezi. Siku hizi loji za Uingereza zina cheo rasmi cha mlezi, ambaye kazi yake si kumlea kila mtu mwenyewe bali kumtafutia kila mwanachama mpya mtu wa kumshika mkono: kumweleza alichokiona usiku wa kuingizwa, kumjulisha kwa wazee na kufuatana naye kutembelea loji nyingine.

Mlezi mzuri hukitumia kila kiti kama darasa lake. Mlangoni mtu hujifunza kusikiliza na kutunza wakati. Kiti cha mjumbe humfundisha kumtuliza mgeni mwenye hofu. Akifika kwenye Usimamizi huvaa alama ya kazi ya ujenzi shingoni, Mdogo timazi na Mkubwa pima maji, na hapo ndipo anapopaswa kuulizwa maswali magumu: je, ataweza kuliongoza jambo ambalo nusu ya wanachama hawalitaki? Nyumba yake na kazi yake vinaruhusu mwaka mzima wa safari na vikao? Kumwambia mtu katika hatua hii asubiri mwaka mmoja zaidi kunauma, lakini kumwacha apande kwa kuona haya ni kumdhulumu yeye pamoja na wenziwe.

"Ulezi ni kukaririshana maneno"

Ni kweli kwamba sherehe za loji huendeshwa kwa kichwa, na maneno ni mengi. Yapo madarasa ya mazoezi kwa ajili hiyo tu. Lililo maarufu mjini London lilianzishwa mwaka 1823, na anayeendesha sherehe nzima humo bila kukumbushwa hata neno moja hutuzwa kasha dogo la fedha la kuwekea kibiriti. Kwa hiyo wengi hudhani aliyehifadhi vizuri ndiye kiongozi aliyekamilika.

Mtu wa Mombasa, aliyekulia karibu na chuo cha Kurani, hahitaji kufundishwa tofauti ya kuhifadhi na kufahamu. Mkuu anayetiririsha maneno bila kigugumizi anaweza kushindwa kufunga mjadala wa bajeti, kuwapatanisha ndugu wawili waliogombana kibiashara, au kukumbuka kwamba mjane wa mwanachama hajatembelewa tangu matanga. Mambo hayo hayamo katika sherehe. Hufunzwa kwa kumkalisha Msimamizi pamoja na katibu anapoandaa ajenda, kumpitisha katika hesabu za mweka hazina, na kumpeleka hospitalini akiwa na ofisa wa loji mwenye jukumu la kuwatazama wagonjwa na wafiwa. Afunzwe pia kukataa. Mijadala ya dini na siasa imekatazwa ndani ya loji, na katika mwaka wa uchaguzi Mkuu asiyejua kuizima mapema atakuwa na jioni ndefu.

"Mwaka ukiisha, kazi yake imekwisha"

Mkuu anayeondoka huketi kushotoni kwa mrithi wake kwa mwaka unaofuata, tayari kumnong'oneza neno lililomponyoka au kumshauri jambo likitatiza. Nafasi hiyo ni sehemu ya ulezi, na ina hatari yake. Wapo wakuu wastaafu wanaoendelea kutawala kutoka kiti cha pembeni, wakikosoa kila hatua kwa hoja kwamba wakati wao haikuwa hivyo, hata kijana akaona ni heri asichukue kiti kabisa. Anayelea hunong'ona akiulizwa, na kwingineko hunyamaza.

Na siku ya kusimikwa kwake, kitu cha kwanza anachofanya Mkuu mpya ni kuteua na kuwavika alama viongozi wa mwaka wake. Wageni huwatazama Wasimamizi wawili. Wanaojua kazi humtazama mlinzi wa mlango wa ndani, kwa sababu, ngazi ikienda bila kukatika, huyo ndiye atakayekuwa akisimikwa baada ya miaka mitano.